Gari la muda Uingereza: leseni kwanza, bima pili, gari baadaye

Muuguzi aliyepata mkataba wa miaka mitatu Norfolk, au mwalimu anayekwenda Leeds kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, hakai muda mrefu kabla hajakutana na swali la gari. Zamu inaisha basi la mwisho likiwa limeshaondoka, na mtandaoni kuna gari dogo linauzwa pauni 2,500. Waliomtangulia wanamshauri, ila kila mmoja ana lake. Huyu anasema nunua la taslimu, yule anasema chukua jipya kwa mkopo, wa tatu anasema usiguse gari kabisa, na wa nne anasema nunua zuri urudi nalo nyumbani.

Swali hili limekuwa kubwa kwa sababu zinazojulikana. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuajiri wauguzi, na mwezi huohuo Uingereza ikafungua viza inayowaruhusu wahitimu wa vyuo vyake kubaki kufanya kazi kwa muda baada ya masomo. Februari 2022 wahudumu wa wazee na wagonjwa nao wakaruhusiwa kuajiriwa kutoka nje. Mlango huo ulifungwa kwa waajiriwa wapya wa nje Julai 2025, lakini wengi waliokwisha kuingia bado wako kazini. Kazi ya kumhudumia mzee nyumbani kwake ni kazi ya barabarani: nyumba sita au saba kwa siku, nyingine vijijini. Matangazo mengi ya kazi hizo hutaka mtu mwenye leseni na gari.

Uchambuzi huu unahusu England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina mamlaka na baadhi ya taratibu zake. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mabishano haya hayawezi kwisha kwa kulinganisha bei za magari. Bei ya gari ni sehemu ndogo ya gharama, na usajili ni sehemu ndogo ya usumbufu. Kinachoamua ni leseni, bima na tarehe ya kuondoka.

Mkanganyiko unaanzia wapi

Aliyezoea kumiliki gari Dar es Salaam, Nairobi au Kampala husafiri na mazoea yake, na baadhi ya mazoea hayo humponza akifika.

La kwanza ni kadi. Nyumbani, kadi ya gari ikisoma jina lako, gari ni lako. Uingereza hati inayofanana nayo ni V5C, inayotolewa na DVLA, mamlaka ya leseni na magari yenye makao yake Swansea. Hati hii humtaja mtunzaji wa gari, yaani yule atakayetafutwa kwa kodi na faini. Yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Gari linaweza kuwa na V5C yenye jina la muuzaji na bado likawa mali ya kampuni ya mikopo. Kwa hiyo ushahidi wa ununuzi ni risiti iliyoandikwa vizuri, na kabla ya kutoa fedha inafaa kulipia ukaguzi wa kumbukumbu za gari ili kujua kama lina deni, limewahi kuibwa, au liliwahi kufutwa na kampuni ya bima baada ya ajali.

Usajili wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyouogopa. Hauhitaji viza ya aina fulani wala leseni ya Uingereza. Unahitaji anuani ya nchini humo. Muuzaji huwaarifu DVLA mtandaoni, mnunuzi hubaki na kipande cha kijani cha V5C, na hati mpya humfuata kwa posta. Hakuna ada ya kubadilisha jina, na namba za gari hazibadiliki. Tabia ya kununua gari na kuliacha miaka katika jina la mwenye kadi wa zamani haina nafasi huko, kwa sababu kamera za barabarani husoma namba na faini humfuata aliyeandikwa.

La pili ni kodi ya mwaka. Kenya iliondoa ada ya leseni ya barabara mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2017, gharama ikahamia kwenye mafuta. Uingereza bado inaidai kwa kila gari, na tangu tarehe 1 Oktoba 2014 haiuzwi pamoja na gari. Muuzaji hurudishiwa fedha za miezi kamili iliyobaki, na mnunuzi hulipa upya kabla hajaliendesha gari barabarani. Anayelichukua gari kwa kuamini kwamba kodi bado ipo, amekwisha kuvunja sheria kabla hajafika nyumbani.

La tatu, na ndilo zito, ni bima. Tanzania bima ndogo ya gari binafsi ina bei elekezi: shilingi 100,000 na VAT juu yake, awe mwenye gari ni kijana wa miaka 20 au mzee wa 60. Bima hulifuata gari, na mwenye leseni akikabidhiwa funguo anaendesha. Uingereza bima humfuata dereva. Kampuni huuliza umri, kazi, msimbo wa posta wa mtaa, gari linalala wapi, na miaka mingapi umekuwa na leseni ya Uingereza. Magari yenyewe yamezoeleka kupangwa katika makundi 1 hadi 50 kulingana na hatari na gharama ya matengenezo. Kampuni nyingi hazihesabu miaka ya kuendesha bila ajali nyumbani, hivyo dereva mzoefu wa barabara ya Mombasa hutajiwa bei inayokaribiana na ya mtu anayeanza. Na kuna jambo linalowashangaza wengi: bima ndogo mara nyingi si rahisi kuliko kubwa. Madereva wenye hatari zaidi ndio waliokuwa wakiikimbilia, madai yakaongezeka, kampuni zikapandisha bei.

Leseni ya nyumbani na miezi kumi na miwili

Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inamruhusu mwenye nayo kuendesha kwa miezi 12 tangu alipokuwa mkaazi. Muda huanza kuhesabiwa siku hiyo, haungoji siku ya kununua gari. Anayenunua gari mwezi wa saba ana miezi mitano tu mbele yake.

Leseni hizo hazibadilishwi kuwa za Uingereza kwa kujaza fomu, tofauti na za Afrika Kusini, Zimbabwe au Falme za Kiarabu, ambazo zimo katika orodha ya nchi zinazotambuliwa. Mtu wa Afrika Mashariki hana budi kuomba leseni ya muda, ambayo mtandaoni ni pauni 34, kisha kufaulu mtihani wa nadharia wa pauni 23 na wa vitendo wa pauni 62 kwa siku za kazi. Ada hizo hazitishi. Kinachotisha ni foleni ya mtihani wa vitendo, ambayo tangu janga la korona imekuwa ya miezi kadhaa katika maeneo mengi. Anayeanza mwezi wa kumi ana hatari ya kubaki na gari asiloruhusiwa kuliendesha peke yake.

Hapo mambo hushikana. Leseni ikikoma, bima nayo iko hatarini, na kuendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na polisi wanaweza kulikamata gari. Kwa aliyefaulu mtihani wa Uingereza kwa mara ya kwanza, pointi 6 ndani ya miaka miwili zinatosha kumfutia leseni, hata kama nyumbani aliendesha miaka ishirini.

Kuna na suala la gia. Wengi wetu tumezoea magari ya Japani yenye gia otomatiki, huku sehemu kubwa ya magari ya bei ya chini Uingereza ni ya gia za mkono. Anayefanya mtihani kwa gari la otomatiki hupewa leseni ya otomatiki pekee. Ni uamuzi wa kufanywa kabla ya kununua, kwa sababu gari, masomo na mtihani vinapaswa kwenda pamoja.

Msimamo wa kwanza: nunua kuukuu kwa taslimu, uza ukiondoka

Wenye msimamo huu wana hoja ya uchakavu. Gari jipya hupoteza thamani nyingi katika miaka ya mwanzo. Lenye miaka kumi limeshapoteza kubwa, kilichobaki hushuka polepole. Mnunuzi hadaiwi na mtu, hahitaji historia ya mikopo, na anaweza kuuza wiki yoyote. Pia kumbukumbu za ukaguzi ziko wazi. Kila gari lililofikisha miaka 3 lazima lipitishwe kila mwaka katika ukaguzi wa MOT, ambao bei yake ya juu kabisa ni pauni 54.85, na historia yake husomwa bure mtandaoni kwa kuingiza namba ya gari. Mnunuzi anaona maili zilizoandikwa mwaka hadi mwaka, mara ngapi gari lilianguka, na fundi alionya nini. Onyo la kutu chini ya bodi ni la kuzingatiwa: barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kutu ya chesisi inaweza kuangusha gari ambalo injini yake bado nzima.

Udhaifu wake uko katika mambo matatu. Kwanza, ulinzi wa mnunuzi hutegemea amenunua kwa nani. Akinunua kwa mfanyabiashara wa magari, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inampa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kudai fedha zake. Akinunua kwa mtu binafsi, anachoweza kudai ni kwamba gari lifanane na lilivyoelezwa. Mengine ni juu yake. Gari la bei ya chini isiyo ya kawaida huenda limewekwa katika daraja la S au N, maana yake kampuni ya bima ililifuta baada ya kuharibika.

Pili, maeneo ya mijini yana tozo za hewa safi. London, tangu tarehe 29 Agosti 2023, mitaa yote ya jiji imo ndani ya eneo la ULEZ, na gari lisilofikia kiwango hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea. Kwa kawaida yanayonaswa ni ya petroli ya kabla ya 2006 na ya dizeli ya kabla ya Septemba 2015. Birmingham nayo inatoza pauni 8 kwa siku katikati ya jiji. Gari rahisi la dizeli linaweza kumla mwenyewe kwa tozo pekee.

Tatu, hesabu ya mwaka mzima haifanani na bei ya siku ya kununua. Chukua mfano wa kukadiria. Gari limenunuliwa pauni 3,000 na baada ya mwaka limeuzwa 2,200, hasara 800. Bima 1,300. Kodi ya mwaka 150. MOT 55. Matengenezo na matairi 400. Jumla ni pauni 2,705, sawa na kama 225 kwa mwezi, kabla ya petroli na maegesho. Hasara ya gari lenyewe haifiki theluthi, bima imekaribia nusu. Mnunuzi aliyebishana siku mbili kupunguziwa pauni 200 angeokoa zaidi kwa kuchagua gari la kundi dogo la bima. Wenye uzoefu huuliza bei ya bima kwa namba ya gari mahususi kabla ya kwenda hata kuliona.

Msimamo wa pili: chukua jipya kwa mkopo au kwa ukodi wa muda mrefu

Upande huu unasema mgeni hana muda wa kuhangaika na mafundi asiowajua. Gari jipya au la miaka miwili lina dhamana, halisumbui asubuhi za baridi, na malipo ya kila mwezi yanajulikana. Katika ukodi wa muda mrefu gari hurudishwa mwisho wa mkataba, hivyo shida ya kuuza haipo. Kuna pia mpango unaopatikana kwa wafanyakazi wa hospitali nyingi za umma: gari hukatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, na makato hayo hujumuisha bima na matengenezo. Kwa mgeni anayetajiwa bei kubwa za bima, mpango wa namna hiyo unaweza kupunguza mzigo mzito kuliko yote. Ila makato hayo hupunguza mshahara unaohesabika, na mwenye viza inayotegemea kiwango fulani cha mshahara anapaswa kumuuliza mwajiri wake kabla ya kusaini.

Udhaifu wa kwanza ni kuaminika. Wakopeshaji hutazama historia ya mikopo ya nchini, na mgeni hana. Wengi pia hutaka viza inayobaki iwe ndefu kuliko mkataba. Njia moja ya kuanza kuonekana, ambayo wengi hawaijui, ni daftari la wapiga kura. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, wanaoishi huko kihalali wana haki ya kujiandikisha, na kampuni za kukagua mikopo hulitumia daftari hilo kuthibitisha anuani. Raia wa Congo au Burundi hana njia hiyo.

Udhaifu wa pili ni kifungo. Mikataba hii kwa kawaida ni ya miaka miwili hadi minne, na maisha ya mhamiaji wa muda yanaweza kugeuka kwa barua moja ya mwajiri. Hapa aina ya mkataba ina uzito kuliko rangi ya gari. Mkopo wa kununua unaolindwa na Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974 humruhusu mkopaji kulirudisha gari akiwa amelipa nusu ya jumla ya deni. Ukodi wa muda mrefu hauna haki hiyo. Anayevunja mkataba mara nyingi hutozwa sehemu kubwa ya malipo yaliyobaki. Juu ya hayo kuna ukomo wa maili, na kila maili ya ziada ina bei. Mhudumu anayezunguka vijijini huvuka ukomo huo haraka.

Msimamo wa tatu: ishi bila gari, kodi siku unapolihitaji

Msimamo huu hudharauliwa na waliotoka mahali ambapo gari ni heshima, lakini kwa mwanafunzi wa jijini una nguvu kuliko yote. Nauli ya safari moja ya basi England iliwekewa ukomo wa pauni 2 Januari 2023, ikapandishwa kuwa pauni 3 mnamo Januari 2025. Scotland wakaazi walio chini ya miaka 22 hupanda mabasi bure. Kadi ya punguzo la treni ya vijana wa miaka 16 hadi 25 hupunguza theluthi ya nauli, na mwanafunzi wa muda wote aliyepita umri huo naye anaruhusiwa kuinunua. Kwa pauni 225 za mfano wetu, mtu anaweza kupanda basi mara 75 kwa mwezi.

Faida yake nyingine ni kwamba saa ya leseni haimtishi. Asiye na gari hana bima ya kuvunja, kodi ya kulipa wala gari la kuuza akiwa na tiketi ya ndege mkononi. Akilihitaji kwa siku mbili za kuhamisha mizigo, anakodi, na bima imo ndani ya bei.

Lakini msimamo huu unasahau jiografia. Huduma za basi vijijini ni chache, na Jumapili mahali pengi hazipo. Kampuni za kukodisha zina masharti ya umri na humtoza zaidi kijana aliye chini ya miaka 25. Nyingi pia hutaka kadi ya benki ya mkopo kwa dhamana. Na kwa mhudumu wa nyumba kwa nyumba, kukosa gari si kuokoa, ni kukosa kazi.

Msimamo wa nne: nunua zuri, rudi nalo nyumbani

Wazo hili linavutia kwa sababu Uingereza huendesha upande wa kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, na usukani wa magari yake uko kulia. Aliyeko Ujerumani, Marekani au Oman hana urahisi huo. Tena kuna msamaha wa kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamruhusu mkaazi anayerejea kuingiza gari moja bila ushuru, ikiwa amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe nje kwa miezi 12 au zaidi, bila kuhesabu muda wa safari ya meli.

Masharti ndiyo yanayowaangusha wengi. Mamlaka ya Mapato ya Kenya hutaka pia mwombaji awe ameishi nje angalau miaka 2, na asiwe amekaa Kenya zaidi ya siku 90 kwa jumla katika miaka hiyo. Mwanafunzi wa mwaka mmoja hafiki hapo. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Linaloingia mwaka 2026 lazima liwe lilisajiliwa kuanzia Januari 2019. Uganda imeweka ukomo wa miaka 15 tangu kutengenezwa. Tanzania haijapiga marufuku, ila huongeza ushuru wa bidhaa kwa gari lililozidi miaka 8, na zaidi kwa lililozidi 10. Asiye na msamaha hukutana na tabaka za kodi, baadhi zikikokotolewa juu ya zilizotangulia, na mara nyingi mamlaka hutumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake badala ya bei iliyoandikwa kwenye risiti.

Hapo ndipo mgongano wa msimamo huu unapoonekana. Gari linalofaa kukaa nalo Uingereza ni dogo, la zamani, lisilo na thamani kubwa ya kupoteza. Gari linalofaa kurudi nalo ni la miaka michache na la aina ambayo vipuri vyake vinapatikana Kariakoo au Kirinyaga Road. La kwanza haliruhusiwi Mombasa, au linafika Dar es Salaam na ushuru unaozidi bei yake. La pili lina bima kubwa kwa mgeni na uchakavu wa haraka. Anayetaka gari moja lifanye kazi zote mbili hulipa pande zote mbili.

Kuipima misimamo

Misimamo hii minne haigombani kweli. Kila mmoja unamfaa mtu tofauti. Kosa ni mwanafunzi wa Manchester kuchukua ushauri wa mhudumu wa Cornwall.

Kwa anayekaa mwaka mmoja au chini yake mjini, msimamo wa tatu unashinda. Muda wake wote umo ndani ya miezi 12 ya leseni, ni kweli, lakini gharama za kuingia na kutoka katika umiliki hugawanywa kwa miezi michache mno. Bima ya mwaka ikivunjwa katikati harudishiwi sehemu yote iliyobaki, wala hapati punguzo la mwaka bila madai.

Kwa anayekaa mwaka mmoja hadi mitatu nje ya miji mikubwa, au ambaye kazi yake ni ya barabarani, gari dogo la petroli la taslimu ndilo lenye hoja nzito. Sharti lake ni kuomba leseni ya muda na kupanga mtihani katika miezi ya mwanzo. Mhudumu aangalie pia aina ya matumizi katika bima: ile ya matembezi na kwenda kazini haimlindi anapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, hiyo ni ya kikazi. Aulize na posho ya maili. Kiwango kilichowekwa na mamlaka ya kodi mwaka 2011 kinaruhusu pensi 45 kwa maili, kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka, bila kukatwa kodi, lakini mwajiri halazimiki kulipa kiasi hicho chote.

Ukodi na mkopo unamfaa mwenye mkataba wa kazi na viza vinavyozidi muda wa gari, hasa kama bima imo ndani ya mpango. Kurudi na gari kunamfaa anayejua atakaa miaka miwili au zaidi, na atakayelinunua gari la kurudi nalo mwaka mmoja na ziada kabla ya kuondoka, likiwa bado na umri unaokubalika siku litakapofika bandarini. Kabla ya meli aiarifu DVLA kwamba gari linatoka nchini moja kwa moja, na adai kodi iliyobaki.

Ushauri mmoja unaotolewa kwa nia njema unapaswa kukataliwa na wote: kumwandikisha ndugu mwenye bima nafuu kuwa dereva mkuu, wakati anayeendesha kila siku ni mgeni. Kampuni za bima huuhesabu huo kuwa udanganyifu, na siku ya ajali zinaweza kukataa kulipa. Vivyo hivyo, kuondoka na kumwachia rafiki gari lililo katika jina lako ni kumwachia fursa ya kukuletea faini.

Kwa muhtasari

Kusajili gari Uingereza ni kazi ya dakika chache kwa mwenye anuani. Ugumu uko katika mambo ambayo nyumbani hayana uzito: bima inayompima dereva, kodi isiyohama na gari, na leseni yenye ukomo wa mwaka. Kununua la taslimu kunampa mtu uhuru wa kuondoka, lakini kunambebesha hatari ya ubovu na bima. Mkopo na ukodi hupunguza ubovu, ila huondoa uhuru. Kukaa bila gari ni nafuu mjini na ni hasara kijijini. Kurudi na gari kuna faida kwa wachache wanaotimiza masharti ya muda wa kukaa, muda wa kumiliki na umri wa gari kwa pamoja.

Mwenye swali hili aanze basi na kalenda yake: ataondoka lini, leseni yake inakoma lini, na kazi yake inamtaka wapi saa ngapi. Kisha aombe bei za bima kwa magari matatu mahususi. Akishapata majibu hayo, uchaguzi kati ya misimamo minne utakuwa umebaki mdogo, na bei ya gari itakuwa jambo la mwisho kujadiliwa.